Pedali Hatupaki

CHAPU: Haloo? Ni nani mwenzangu?

SAUTI: Haloo. Aa... habari za asubuhi?

CHAPU: Njema kabisa, karibu. Umempata Chapu, usafi wa magari, ndani na nje. Nusu saa tu, utalipita gari lako mwenyewe ukidhani la jirani. Nikusaidie nini, kaka?

SAUTI: Nimepewa hii namba na... na mtu.

CHAPU: Huyo mtu nampenda bila kumjua. Una gari gani?

SAUTI: Gari tu. La kawaida.

CHAPU: La kawaida ndiyo ugonjwa wangu. Subiri kidogo, namwaga ndoo— [maji yanamwagika] Haya, endelea.

SAUTI: Nilitaka kujua mnavyofanya. Na bei zenu.

CHAPU: Tuna kazi ya nje, kazi ya ndani, na zote mbili kwa pamoja. Ya nje, ndoo mbili. Moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa, ili nisikusugue rangi na mchanga wa mtu mwingine. Ya ndani, natoa makapeti nayakung'uta, nafyonza vumbi, napitisha brashi ndogo kwenye matundu ya hewa, nafuta dashibodi, vioo namalizia na gazeti. Vitu ninavyookota chini ya viti naviweka kwenye mfuko wa karatasi, naufunga kwenye gia. Juzi kuna baba nimempa kadi ya kliniki ya mtoto aliyoitafuta miezi miwili. Nusura anikumbatie na ndoo mkononi.

SAUTI: Sawa, sawa. Bei?

CHAPU: Kazi moja ni bei ya kunyoa nywele. Kinyozi wa kawaida, siyo yule mwenye viti vinavyozunguka. Zote mbili ni nywele na ndevu.

SAUTI: [anacheka, anajikatisha kwa kikohozi] Rahisi hivyo? Basi lazima kuna mahali mnabana. Sabuni yenu ya kufulia, siyo?

CHAPU: Sabuni ni ya gari, nitakuonyesha dumu. Ninakobana ni kwingine. Sina sofa la wateja. Sina televisheni. Sina dada wa kukuletea chai kwenye trei huku unatabasamu kwa lazima. Nipo uani kwa fundi tairi, utakaa juu ya tairi kuukuu, au uende zako sokoni urudi. Wateja wangu ni watu ambao mshale wa mafuta haujawahi kuvuka nusu tangu walinunue gari.

SAUTI: Mtu wa namna hiyo anasafishiwa gari la nini? Si anunue mafuta kwanza?

CHAPU: Eti kaka? Mtu mwenye shati moja ndiye afuaye kila siku. Wa mashati ishirini anaweza kungoja mwisho wa wiki.

SAUTI: Mm. Unaongea wewe.

CHAPU: Nisipoongea nani aniongelee? Unakuja leo? Nina nafasi kabla ya adhuhuri. Kuna nesi anatoka zamu, nikimaliza lake nakuingiza wewe.

SAUTI: Ngoja kwanza. Nimesikia mna kibao.

CHAPU: Kibao kipo. Kina bei, kina muda, kina namba hii uliyopiga.

SAUTI: Na chini yake?

CHAPU: Chini yake pana mstari mmoja. PEDALI HATUPAKI.

SAUTI: Ndiyo huo. Una maana gani huo mstari?

CHAPU: Una maana ile ile uliyoisikia. Kuna watu, kaka, wakimaliza kusafisha gari wanachukua yale mafuta ya kung'arishia matairi wanapaka kila wanachokiona cheusi. Dashibodi wanapaka. Usukani wanapaka. Mpaka pedali ya breki wanapaka. Inang'aa, sikatai. Halafu unakanyaga breki mguu unakwenda zake. Mimi pedali nazisugua kwa brashi na sabuni, nazikausha, basi. Zikibaki na sura mbaya zibaki nayo.

SAUTI: Lakini kuna wateja wengine... si wote, wengine... wanapenda gari limete mpaka chini.

CHAPU: Limete wapi?

SAUTI: Mpaka chini. Ukifungua mlango tu—

[Nyuma ya sauti hiyo, kompresa inakohoa mara tatu, inawaka.]

CHAPU: Shikamoo, Mjomba.

[Mtandao unakwaruza.]

MJOMBA: ...Marahaba.

CHAPU: Hujambo huko?

MJOMBA: Umenijuaje?

CHAPU: Kompresa yako inakohoa mara tatu kabla ya kuwaka. Miaka saba nimeanza siku na kikohozi hicho. Na hilo la kumeta mpaka chini, hata usiku wa manane ningelijua. Namba hii ya nani?

MJOMBA: Ya mlinzi. Nimeazima. Zangu si hupokei?

CHAPU: Sipokei.

MJOMBA: Basi ndiyo hivyo. Na vocha yake ni kidogo, ananiangalia hapa kwa jicho, kwa hiyo tusizunguke. Futa ule mstari.

CHAPU: Upi?

MJOMBA: Usinifanyie utoto. Wa pedali. Weka bei zako, weka namba zako, andika hata sala kama unataka, lakini ule mstari futa.

CHAPU: Umekukosea nini? Jina lako lipo pale?

MJOMBA: Jina halipo, lakini watu si vipofu. Unajua kinachonipata? Mtu anashuka kwenye gari lake hapa kwangu, gari la maana, badala ya salamu ananiuliza, "Nyie pedali mnapaka?" Jana wanne! Mmoja akainama akazigusa kwa kidole, mbele ya wafanyakazi wangu, akanusa.

CHAPU: [anacheka] Akanusa?

MJOMBA: Unacheka.

CHAPU: Nacheka, Mjomba. Wiki sita sijacheka hivi, niache nimalize.

MJOMBA: Na yule Mwalimu wa Udereva, ameleta wapi magari yake?

CHAPU: Unajua ameleta wapi.

MJOMBA: Yote sita?

CHAPU: Matano. La sita bado liko kwa mnyoosha bodi, pua yake ilibaki ukutani. Unalikumbuka hilo la sita?

[Mtandao unakwaruza.]

MJOMBA: ...husikii? Haloo?

CHAPU: Nasikia. Nimeuliza kama unalikumbuka.

MJOMBA: Nalikumbuka.

CHAPU: Maana Mwalimu alipoona kibao changu alisimama pale kama dakika tano nzima. Akaniambia, "Binti, mtu aliyepaka zile pedali hawezi kuandika hivi." Sikumjibu kitu. Nikaendelea kukung'uta kapeti. Kesho yake akaja na magari.

MJOMBA: Hukumjibu?

CHAPU: Hata neno.

MJOMBA: Kwa nini?

CHAPU: Kwa sababu wewe ni mjomba wangu.

MJOMBA: Sikiliza, mwanangu. Mimi sikupiga kugombana. Rudi. Nafasi yako ipo. Ile mashine mpya ya mvuke imekuja, hakuna anayeijua, wanavichoma choma tu viti vya watu. Utakuwa msimamizi. Utavaa fulana yenye kola.

CHAPU: Fulana yenye kola.

MJOMBA: Na jina lako limetariziwa hapa kifuani.

CHAPU: Jina lipi, Mjomba? Lile ulilonipa mbele ya watu? "Huyu hapa, mzembe, nimemwambia mara ngapi." Hilo ndilo litatariziwa?

MJOMBA: Yamekwisha hayo.

CHAPU: Kwako. Mimi nikipita kwenye duka la vipuri, yule muuzaji anaficha dumu la mafuta, ananitania, "Usije ukaua mtu." Anatania, najua. Siku ya kwanza nilicheka naye.

MJOMBA: Watu wana midomo—

CHAPU: Na yule mama?

MJOMBA: Mama gani?

CHAPU: Mama wa vitambaa. Mwanafunzi aliyekuwa anaendesha siku hiyo. Uso ulimvimba mpaka jicho likafungwa. Ameacha masomo, unajua? Alipita hapa wiki jana kwa miguu, na furushi la vitambaa kichwani. Nikamwuliza vipi udereva. Akasema ameacha, ana mguu mzito, anakanyaga vibaya. Ameshaamini kosa ni la mguu wake! Anautazama huo mguu kwa chuki, nimemwona.

MJOMBA: Sikujua hilo.

CHAPU: Sasa umejua.

MJOMBA: Nitamtumia kitu.

CHAPU: Kitu gani? Mfuko wa matunda?

MJOMBA: Usinisemee hivyo, mimi ni— Subiri. [mbali na simu] Hapana, bado. Nimesema bado! Nenda kakae getini. [kwenye simu] Mlinzi huyu! Anasema anasubiri simu ya mkewe.

CHAPU: Mrudishie simu yake.

MJOMBA: Sijamaliza. Tuzungumze kama watu wazima. Wewe ulikuja kwangu hujui hata kukamua kitambaa. Nani alikufundisha ndoo mbili?

CHAPU: Wewe.

MJOMBA: Nani alikufundisha gazeti kwenye vioo?

CHAPU: Wewe, Mjomba. Brashi ya kupakia rangi kwenye matundu ya hewa, wewe. Kiti kisilowe, povu kidogo na taulo juu, wewe. Nawasimulia wateja kwamba nimefundishwa na mtu hodari. Na pedali nani alikufundisha wewe?

MJOMBA: Pedali ni jambo la—

CHAPU: Nilikwambia. Si mara moja. Nilikwambia Mjomba, pedali tusipake, ukasema "hapa kwetu gari linameta mpaka chini, ndiyo sifa yetu". Siku ile nilikuwa wapi?

MJOMBA: Sikumbuki vizuri.

CHAPU: Unakumbuka. Nilikuwa ndani ya lile basi dogo jeupe, nimelala chali, nasafisha dari. Povu linanidondokea machoni. Nikageuza kichwa nikaona viatu vyako. Vile vya kahawia. Umechuchumaa kwenye mlango wa gari la Mwalimu, sponji mkononi, unapiga mluzi.

[Kompresa inanguruma kwa mbali.]

CHAPU: Haloo?

MJOMBA: Nipo.

CHAPU: Ulikuwa unapiga mluzi, Mjomba. Kila nikijaribu kukuchukia nakumbuka ule mluzi, nashindwa. Ulikuwa unaifurahia kazi yako.

MJOMBA: [kwa sauti ya chini] Yule Mwalimu alikuja anapiga kelele, wewe. Wateja wamejaa. "Nani amepaka? Nani amepaka?" Ananishika shati. Mimi... Wewe ulikuwa karibu. Kidole kilikwenda chenyewe.

CHAPU: Na mdomo?

MJOMBA: Mdomo?

CHAPU: Kidole kilikwenda chenyewe, sawa. Mdomo nao uliondoka peke yake? Ukanifukuza kwa dakika nzima, unanitaja na ukoo wangu, ambao ni ukoo wako!

MJOMBA: Nilifikiri wewe ni damu yangu, utanibebea. Siku mbili tatu, watu wanasahau, nakuita unarudi.

CHAPU: Nilikubebea. Niliondoka na ndoo yangu sikufungua kinywa. Ningeendelea kukubebea mpaka kesho, Mjomba, nakuapia. Lakini ulikwenda nyumbani ukamwambia Mama.

MJOMBA: Mama yako aliniuliza—

CHAPU: Ukamwambia Mama! Ukakaa kwenye kiti chake, ukanywa chai yake, ukamwambia, "Mwanao kidogo aue mtu." Mimi nikamweleza ukweli, unajua alinijibu nini? "Usimsingizie aliyekulea." Sasa nikimwamkia anaitikia kwa kichwa. Mama yangu! Namletea mkate, anausogeza pembeni anasema ameshiba. Kwa hiyo ule mstari haufutiki. Nitauandika kila asubuhi. Mvua ikinyesha nitauandika upya. Waje wanuse pedali zako mpaka wapate mafua.

MJOMBA: Wewe mtoto una kiburi.

CHAPU: Ninacho. Nimekiokota chini ya kiti, hakuna aliyekuja kukidai.

MJOMBA: Unajua mimi naweza kumpigia huyo mwenye uwanja, huyo fundi tairi wako, nikamwambia mawili matatu?

CHAPU: Mpigie. Ameshapigiwa. Nani sijui alimpigia wiki iliyopita akamwonya juu yangu, simu ikiwa ya mlinzi au ya nani. Fundi alimjibu kwamba yeye tangu nije matairi yanauzika, maana watu wakingoja gari wanayatazama. Ulikuwa wewe?

MJOMBA: ...Mtandao mbaya.

CHAPU: Mtandao mzuri sana.

[Mlio mfupi kwenye laini: tii.]

MJOMBA: Unasikia? Vocha inakwisha. Futa huo mstari, kwa heshima ya huyo mama yako. Yupo hapa.

CHAPU: Yupo wapi?

MJOMBA: Ofisini. Tangu asubuhi.

CHAPU: Mama? Ofisini kwako? Amefuata nini?

MJOMBA: Amekuja kukuombea. Nikurudishe kazini. Ndiyo maana nimetoka nje kupiga.

CHAPU: Kuniombea.

MJOMBA: Amekaa pale kwenye sofa la wateja, ukingoni, kama mgeni. Nikamwambia Dada, jiachie. Hataki. Amevaa vile viatu vyake vyeusi.

CHAPU: Vya kubana?

MJOMBA: Vile vya sherehe.

[Mtandao unakwaruza, unatulia.]

CHAPU: Mjomba, viatu vile vinamtoa malengelenge. Alivivaa harusi ya mwanao akarudi pekupeku, ameviweka kwenye mfuko. Amevivaa leo ili aje kuomba msamaha kwako. Kwa kosa lako. Na wewe ukamtazama miguuni ukampa chai?

MJOMBA: Nimempa na—

CHAPU: Sitaki kujua umempa na nini! Ingia ndani.

MJOMBA: Ingia ndani vipi?

CHAPU: Ingia ofisini, weka simu sauti ya juu, umwambie. Siyo mimi. Mimi nilikuwepo, mimi sihitaji kuambiwa. Mwambie yeye.

MJOMBA: Mwanangu, hilo ni gumu. Mimi ni kaka yake. Ananitegemea, akipata jambo—

CHAPU: Umwambie, na ule mstari nitaufuta. Ni chaki. Kitambaa kimoja kibichi, umekwisha. Unaona nafuu ninayokupa? Hapa kwangu ni bei ya chini, Mjomba, hata kwako.

MJOMBA: Neno lako?

CHAPU: Umewahi kusikia nimesema nitasafisha kitu nikaacha?

MJOMBA: Sijawahi.

CHAPU: Haya. Na kabla hujaingia, yale magari yaliyo uani sasa hivi, mwambie mtu afungue milango yote afute pedali kwa sabuni. Na klachi. Huwa mnaisahau klachi.

MJOMBA: [mbali na simu] Wewe! Wewe wa gari jekundu! Acha hilo tairi. Chukua brashi na sabuni, pedali zote. Zote! ...Ndiyo, na klachi. Usiniulize kwa nini! [kwenye simu] Haya.

[Hatua juu ya changarawe. Kompresa inasikika mbali zaidi. Mlango unafunguliwa, kelele zinakatika.]

MJOMBA: Dada.

MAMA: [kwa mbali] Mm?

MJOMBA: Usisimame, kaa. Mtoto yuko kwenye simu.

MAMA: Mtoto yupi?

MJOMBA: Mwanao.

MAMA: Ameomba radhi?

CHAPU: Shikamoo, Mama.

MAMA: Marahaba. Umekula?

CHAPU: Nimekula, Mama.

MAMA: Umekula nini saa hizi, na kazi hiyo ya maji maji. Mwambie mjomba wako neno la kistaarabu, tumalize, nimekaa hapa tangu asubuhi.

CHAPU: Mjomba ndiye ana neno.

[Tii.]

MJOMBA: Dada... ile siku ya gari la Mwalimu.

MAMA: Nimeshakwambia, alikosa, ni mtoto, mkono uliteleza. Hata sisi—

MJOMBA: Ngoja, Dada. Zile pedali zilipakwa mafuta.

MAMA: Najua. Ulinieleza. Mpaka nimejua mafuta yanaitwaje.

MJOMBA: Zilipakwa... Yaani katika kazi, mambo mengi, unajua mtu ana—

CHAPU: Mjomba. Vocha.

MJOMBA: Nilizipaka mimi.

MAMA: Wewe nini?

MJOMBA: Nilizipaka mimi, Dada. Kwa mkono wangu huu. Yeye alikuwa kwenye gari jingine, anasafisha dari. Alishaniambia siku nyingi nisipake, nikajifanya najua. Mwalimu alipokuja juu nikaogopa, nikamwonyesha yeye.

[Kikombe kinawekwa juu ya kisahani.]

MAMA: Ukaja kwangu.

MJOMBA: Nikaja kwako.

MAMA: Ukala.

MJOMBA: Dada, nisamehe.

MAMA: Wiki sita, mwanangu analeta mkate mlangoni kwangu namwambia nimeshiba. Nilikuwa nimeshiba nini? Maneno yako?

MJOMBA: Dada, wafanyakazi wanasikia—

MAMA: Wasikie! Alipofukuzwa hawakusikia? [karibu na simu] Wewe. Upo?

CHAPU: Nipo, Mama.

MAMA: Uliniambia.

CHAPU: Nilikuambia.

MAMA: Uliniambia mara moja, kwa sauti ya chini, ukaacha. Kwa nini hukupiga kelele?

CHAPU: Ningekupigiaje kelele, Mama?

MAMA: [anavuta pumzi] Nilikukosea. Nakwambia mbele ya huyu. Nilikukosea sana, mama yangu.

CHAPU: Mama, yamekwisha.

MAMA: Hayajakwisha. Kile kibao anachokilalamikia tangu asubuhi, mpaka chai yangu imepoa. Umekiandika kwa kitu gani?

CHAPU: Kwa chaki.

MAMA: Chaki? Mvua ikija?

CHAPU: Inafutika. Naandika tena.

MAMA: Andika kwa rangi.

MJOMBA: Dada! Tumekubaliana na mtoto hapa hapa, nikisema ukweli anafuta! Ametoa neno lake!

MAMA: Mmekubaliana nyinyi wawili. Mimi sijakubaliana na mtu. Rangi nyeupe, herufi kubwa, za kusomeka mpaka barabarani.

MJOMBA: Mwanangu, mwambie mama yako. Si ulisema?

CHAPU: Nilisema nitaifuta chaki, Mjomba. Nitaifuta.

MJOMBA: Aa!

[Tii. Tii.]

MAMA: Na yule mwanamke aliyeumia, wa vitambaa, tunakwenda kwake leo. Mimi na wewe, ukamwambie mguu wake hauna kosa. Kwa miguu tutakwenda.

MJOMBA: Kwa miguu? Na magari yote haya?

MAMA: Nani apande gari lako! Ila kwanza nitafutie kandambili. Viatu hivi vimeniua.

CHAPU: Mama, usitembee sana, nikimaliza la nesi nakuja kuku—

MAMA: Maliza kazi yako. Jioni njoo na mkate. Nina nja—

[Laini inakatika.]

CHAPU: Haloo? Mama? ...Haloo?

[Mtandao hauna kitu.]

CHAPU: [kwa sauti kubwa, mbali na simu] Fundi! Fundi tairi! Ile rangi yako nyeupe imebaki?